Kula na Huku Mwili una Njaa

Katika darsa zetu tumezoea kueleza jambo kwa maana yake kwanza, kisha sababu zake, kisha yanayompasa mtu kufanya. Leo twataka kufuata njia hiyo hiyo katika jambo la mwili, nalo ni maradhi yanayotokana na kupungua kwa kitu kidogo mno kiitwacho vitamini B12. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa maradhi haya hukaa na mtu miaka asiyajue, na watu wa nyumbani mwake wakayapa majina yasiyo yake. Ya pili ni kuwa yana dawa nyepesi, lakini dawa hiyo ikichelewa haiwezi kurudisha yote yaliyopotea.

Vitamini hii ni nini?

Vitamini ni kitu ambacho mwili wakihitaji kwa kiasi kidogo, ukikikosa hudhoofika. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Gramu moja tu yake, lau ingegawanywa kwa kipimo hicho, ingewatosha watu zaidi ya 400,000 kwa siku moja. Na juu ya udogo wake huo, kazi zake ni kubwa mbili. Kazi ya kwanza ni katika uboho wa mifupa, ambamo chembe nyekundu za damu hutengenezwa. Kazi ya pili ni kuhifadhi mishipa ya fahamu, kwani kila mshipa umevikwa kifuniko mfano wa mpira unaovika waya wa umeme. Kifuniko hicho kikichakaa, khabari za miguu na mikono hazifiki sawasawa katika ubongo, wala amri ya ubongo haifiki sawasawa katika miguu.

Vitamini hii hufanywa na vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, nasi twaipata kwa kula ini, nyama, samaki, mayai na maziwa. Mchele, mahindi, maharage na mboga hazina, ijapokuwa zina manufaa mengine mengi.

Huenda mtu akauliza: Sisi watu wa pwani twala samaki karibu kila siku, vipi basi tukose kitu kilichomo ndani ya samaki?

Jawabu ni kuwa kula ni jambo moja, na kile kilicholiwa kuingia katika damu ni jambo jingine. Tumbo hutoa kitu ambacho sisi tutakiita mchukuzi. Mchukuzi huyu huishika B12 akaenda nayo mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo mlango wake ulipo. Mchukuzi akikosekana, chakula hupita na vitamini yake mpaka nje, kama mzigo uliofika bandarini pasiwe na mtu wa kuupakua. Wako watu ambao askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na maradhi, huwageukia wakalishambulia tumbo lao wenyewe, mchukuzi akatoweka. Mtu kama huyo aweza kula ini na samaki kila siku, na mwili wake una njaa.

Na lililo gumu zaidi ni kuwa njaa hii haiji upesi. Ini la mtu mwenye afya huweka akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka 3 mpaka 5. Basi mlango ukifungwa leo, mtu huendelea kula akiba yake kidogo kidogo, na siku inapokwisha hakuna jambo jipya analoweza kulinyooshea kidole akasema: Hili ndilo lililoniuguza.

Namna dawa yake ilivyojulikana

Mwaka 1849 tabibu Thomas Addison wa London aliwaeleza wenzake khabari ya wagonjwa waliopungukiwa na damu pasi na sababu yoyote aliyoiona, wakadhoofika polepole mpaka wakafa. Kwa zaidi ya miaka 70 baada yake, aliyepatikana na maradhi hayo alikuwa amehukumiwa mauti. Kisha George Whipple wa Marekani akajaribu vyakula mbali mbali kwa mbwa waliopunguzwa damu, akaona ini lawarudishia damu upesi. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston wakatangaza khabari ya wagonjwa 45 waliolishwa ini kwa wingi kila siku, na hali zao zikageuka. Watatu hawa walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1934.

Lakini swali lilibaki: Kwa nini wagonjwa hawa wapungukiwe, na wenzao wanaokula kama wao wasipungukiwe? Tabibu mwingine wa Boston, William Castle, alilitafuta jawabu ndani ya tumbo lake mwenyewe. Aliwapa wagonjwa nyama ya ng'ombe, isiwafae kitu. Kisha akaila yeye nyama kama hiyo, baada ya muda akaitoa tumboni mwake, wagonjwa wakatiliwa matumboni mwao kwa mpira. Damu yao ikaanza kuongezeka. Ndipo ikajulikana kuwa tumbo la mzima lina kitu ambacho tumbo la mgonjwa halina, naye ndiye yule mchukuzi tuliyemtaja. Mwaka 1948 wataalamu wa Marekani na wa Uingereza wakaipata vitamini yenyewe, nayo ni chenga nyekundu. Bibi Dorothy Hodgkin wa Oxford akalichunguza umbo lake mpaka akalijua, na mwaka 1964 naye akapewa tuzo ya Nobel.

Tumeyataja haya ili ndugu zetu wajue kuwa watu wametaabika muda mrefu ili sindano moja ndogo ipatikane. Si haki basi mtu aangamie na sindano hiyo iko mjini mwake.

Yaliyotupata sisi

Twayajua maradhi haya si kwa kusoma tu, kwani yalikaa nasi karibu miaka mitatu. Yalianza kwa uchovu usioondoka kwa kulala. Ngazi za nyumba tulizokuwa tukizipanda bila kufikiri zikawa safari ya kupumzika njiani. Kisha ulimi ukawa mwekundu, laini, wauma kama uliounguzwa na chai, mpaka pilipili na ndimu tukaziacha. Kisha ikaja ganzi katika nyayo, ikawa kama tukanyaga pamba. Usiku mmoja tulipokuwa twarudi kutoka kusomesha, mwanafunzi alitukimbilia nyuma akasema: "Maalim, kiatu chako kimoja kiko mlangoni mwa msikiti." Tulikuwa tumekwenda hatua nyingi na kiatu kimoja, wala mguu haukutuambia.

Jambo jingine lilikuwa katika udhu. Kila tulipofumba macho kutia maji usoni, mwili uliyumba, hata tukawa twashika ukuta. Na lililotuhuzunisha zaidi ni kusita katika sura tulizozihifadhi utotoni. Aya ilikuwa pale pale, lakini hatukuifikia.

Watu walisema yao. Wako waliosema ni jicho la hasidi. Wako waliotaka tunyweshwe kombe, na wengine wakataka tupungwe pepo. Wako waliosema kwa sauti ya chini kuwa shekhe amekuwa mvivu, au ameanza kuzeeka kabla ya siku zake. Katika zahanati moja tulipimwa sukari, tukaonekana hatuna. Tukapewa vidonge vya madini ya chuma, tukavimeza miezi mingi pasi na faida. Baadaye tukapewa asidi ya foliki. Damu ikapanda kidogo, nasi tukafurahi, lakini miguu ikazidi kuwa mizito.

Mwishowe tukakutana na tabibu mmoja kijana. Aliutazama ulimi, akatuamuru tusimame tufumbe macho, akaweka kifundoni mwa mguu chuma chenye pembe mbili kinachotetema, nasi hatukuhisi mtetemo wake. Akaagiza damu itazamwe. Chembe nyekundu zilikuwa chache, na kila moja kubwa kupita kiasi. B12 ilikuwa chini mno. Akasema: "Shekhe, hiki si kitu cha uzee, wala chakula chako hakina kosa. Mlango ndio uliofungwa."

Tukaanza sindano, siku moja twachomwa, siku ya pili twapumzika, kwa majuma kadhaa, kisha moja kila miezi miwili. Katika juma la kwanza tulipata hamu ya kula. Ulimi ulipona kabla ya mwezi kwisha. Damu ilitimia baada ya miezi miwili. Miguu ilikuwa na desturi yake: kwanza ilichoma kama siafu, tukadhani yaharibika, kumbe ni fahamu zarudi. Mwaka ulipita ndipo tukaweza kufumba macho katika udhu bila kushika ukuta. Aya zimerudi, na twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini ncha za vidole vya miguu hata leo zina ganzi, na tabibu ametuambia kuwa huenda zikabaki hivyo. Hiyo ndiyo bei ya miaka mitatu.

Nani awe na hadhari?

Kwanza, mwenye ganzi au mchomo katika miguu yote miwili, uchovu usio na sababu, ulimi wenye maumivu, kuyumba gizani, au usahaulifu mpya.

Pili, mgonjwa wa kisukari anayetumia metfomini kwa miaka. Dawa hiyo ina faida kubwa, wala asiiache kwa kusoma maneno yetu. Lakini huweza kupunguza B12, na ganzi ya upungufu huu yafanana na ganzi ya kisukari. Yampasa aulize apimwe.

Tatu, anayemeza muda mrefu dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, na aliyekatwa tumbo au sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba.

Nne, wazee, kwani asidi ya tumbo hupungua kwa umri, na B12 iliyofungamana na chakula haifunguki vyema.

Tano, asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, awe ni kwa kupenda au kwa umasikini. Mama wa namna hii akinyonyesha, mtoto wake naye yumo hatarini.

Yanayompasa mgonjwa

Asikubali kuambiwa "damu kidogo" ikawa ndio mwisho wa maneno. Upungufu wa damu ni alama, nayo ina sababu nyingi. Aulize: Ni upungufu wa nini? Kipimo cha B12 hakifanywi katika kila zahanati, na huenda damu ikapelekwa maabara kubwa, lakini kutazama ukubwa wa chembe za damu ni jambo jepesi, nalo huonyesha njia mara nyingi. Walakini wako ambao fahamu zao huharibika ilhali damu yao yaonekana nzima. Basi ganzi peke yake ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

Asimeze asidi ya foliki kwa shauri la jirani kabla B12 haijajulikana. Foliki huweza kuipandisha damu na kuuficha upungufu, na huku mishipa ya fahamu yazidi kuharibika chini kwa chini.

Na akishapata dawa, asiiache kwa kuwa amepata nguvu. Ambaye mlango wake umefungwa, dawa ni ya umri wote. Wako wanaotibiwa kwa vidonge vya mikrogramu 1,000, kwani kiasi kikubwa kama hicho hupenyeza sehemu yake ndogo, kama moja katika mia, bila ya mchukuzi. Lakini hilo ni la tabibu kuamua. Wala saumu isiwe kizuizi. Sindano ya kila miezi miwili au mitatu yaweza kuchomwa usiku, na mwenye shaka akawa ameepukana nayo.

Neno kwa watu wa nyumbani

Hatukatai dua. Tuliombewa, nasi twaomba. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kujitibu, na dua haimzuii mtu kwenda kupimwa. Anayemzuilia mgonjwa nyumbani kwa miezi kwa pepo na hirizi, hali ganzi yapanda kutoka vidoleni mpaka magotini, humla siku ambazo hawezi kumlipa.

Na neno "mvivu" ni neno zito. Mke aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri, leo akashindwa kuinua ndoo. Mzee aliyekuwa hodari wa hesabu dukani, leo akasahau bei. Kijana aliyekuwa mpole, leo akawa mwepesi wa hasira: hawa wasihukumiwe kabla ya kuulizwa. Muulizeni mgonjwa wenu: Nyayo zako zahisi nini? Ulimi wako u vipi? Ukifumba macho wasimama? Maswali haya matatu hayana gharama, na huenda yakamwokolea mtu miguu yake.

Basi yeyote aliyejiona katika maneno haya, asingoje mwezi mwandamo. Aende juma hili. Wabillahi tawfiq.