Baridi Yabisi Si Baridi

Jina la ugonjwa linaweza kumpoteza mgonjwa. Mimi naishi na moyo ulioumizwa na homa ya baridi yabisi. Daktari alipotaja jina hilo nikiwa darasa la sita, jamaa zetu wa Bungoma walisikia neno moja tu: baridi. Nikanunuliwa sweta mbili, nikakatazwa kuoga asubuhi. Wengine walisikia moyo, wakaonyana, "Huyu msimshtue." Basi hata habari za matanga nikawa siambiwi!

Hebu tuchambue. Yabisi ni kavu, gumu. Jina lasimulia viungo vilivyokaza. Lakini ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Bakteria waitwao streptokoki huleta koo la kuuma, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Kinga ya mwili hupigana nao. Wiki mbili tatu baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga hiyo hiyo huugeukia mwili: magoti huvimba, na moyo nao hushambuliwa. Moyo una vali nne, yaani milango inayofunguka upande mmoja ili damu isirudi nyuma. Vali ikipata makovu, ama haifungi sawasawa na damu huvuja, ama haifunguki vizuri.

Sweta haina kosa, ila haizuii kitu. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, mara nyingi mambo huishia hapo. Sisi tulioumia tayari hudungwa benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka 10 au zaidi, ili homa isirudi kuongeza makovu. Makovu ya zamani haiyaondoi. Hilo ndilo wengi hawaambiwi. Mtu hudungwa mwaka mzima, anaona bado anahema akipanda mlima, anasema dawa ni bure, anaacha.

Niliyajuaje haya? Katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, nilikopigwa picha ya moyo, daktari hakuniuliza, "Umeelewa?" Si unajua sote hujibu ndiyo! Aliniambia, "Nieleze kama unavyomweleza kukhu wako." Nilipokwama alirudia, mpaka nikaweza.

Maneno hayo ndiyo silaha yangu. Nasoma Kitale na nyumbani ni Bungoma, kwa hiyo likizo ikifika sindano hunifuata kwa matatu kupitia Kiminini na Webuye. Katika zahanati moja ya huko nyumbani faili langu halipo. Agosti nesi alinitazama juu hadi chini.

"Kijana mzima hivi, nani amekutuma?"

"Sista, vali yangu moja inavuja. Sindano hii ni ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi. Ni ya kila siku 28, na leo ndiyo ya 28." Nikampa daftari langu lenye tarehe zote. Akasoma, akauliza kama penisilini hunidhuru, akanidunga. (Ikidungwa polepole uchungu hupungua, hilo pia huwa naomba.)

Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa akisikiliza. Akatoa karatasi tatu za tembe. "Mjukuu wangu, na mimi niulizie hizi. Naambiwa tu ni za moyo."

"Kuka, uliza mwenyewe, mimi niko hapa."

Akauliza. Kumbe moja ni ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, na yeye alikuwa akiiruka kila siku ya soko, maana njiani hakuna choo. Ndiyo sababu miguu ilikuwa ikivimba na usiku hawezi kulala bila mito mitatu. Nesi akamwambia siku hizo aimeze akisharudi nyumbani, asiiache. Mzee akarudia maneno hayo mara mbili, kwa sauti, benchi nzima ikasikia.

Zoezi: Mweleze mtu wa nyumbani kwenu, kwa Kiswahili au lugha ya mama, jinsi koo linavyoweza kuumiza moyo. Usitumie neno "baridi". Kisha akueleze yeye. Andika alichosema, umpe katibu wa chama kabla ya kufunga shule.