Kununua kifaa usichokiona: Mfano wa biti za ruta

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa baada ya darsa hapa Ngerengere, mkoani Morogoro, ni hili la kununua vitu kwa simu. Mafundi seremala huuliza zaidi. Fundi anataka biti za ruta, yaani vile vipande vya chuma vyenye makali vinavyofungwa kwenye mashine ya umeme kuchonga mapambo ya milango na makabati. Madukani hazipo, kwenye intaneti zimejaa tele, ila anachoona ni picha tu. Je, inafaa?

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wametahadharisha kuuza kitu kisichoonekana, kwa kuwa mna gharar, utata unaoweza kumdhulumu mmoja wa wanaouziana. Lakini wameruhusu mauzo ya salam: bei inalipwa kabla, na kitu kinaelezwa sifa zake, kiasi chake na wakati wa kukabidhiwa. Kwa hiyo, kinachohalalisha ni maelezo, si picha.

Maelezo gani? Kwanza, unene wa mkia. Zipo za milimita 6, 8 na 12, na zipo za robo inchi (milimita 6.35) na nusu inchi (12.7). Biti ya milimita 6 haishikwi barabara na mdomo wa robo inchi, na mashine hii huweza kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Ikichomoka, hasara si shilingi tena, ni jicho la mtu. Pili, makali ni ya chuma au ya kabaidi? Mtiki una silika, humaliza makali ya chuma upesi. Tatu, mwisho wa kasi inayovumilia.

Mzigo ukifika, usikimbilie kuufungua na kufanya kazi. Mtume (s.a.w) alipopita kwa muuza nafaka, aliingiza mkono ndani ya lundo akakuta unyevu uliofichwa chini. Nawe kagua. Pima mkia kwa vernia. Ibiringishe juu ya kioo uone kama imepinda. Tazama kabaidi ilipounganishwa na chuma. Pakiwa na mwanya au ufa, kipande kinaweza kuruka.

Ukikuta kasoro, unayo khiyari ya kurudisha na kudai pesa zako. Lakini ukishaijua kasoro kisha ukaendelea kutumia, umeiridhia, na haki hiyo imekutoka. Sheria ya nchi nayo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane nayo. Basi hifadhi tangazo, ujumbe na risiti.

Wako wanaosema, "Potelea mbali, bei yenyewe ilikuwa ndogo," wakamwachia kijana wa karakana aitumie. Tajiri anaweza kuridhia kasoro kwa mali yake. Kijana yule hakununua, hakuulizwa, na wala hakuridhia.