Kutafuta Bomba Kuu la Maji Nyumbani

Sabuni isiyotoa povu na ukoko mweupe ndani ya birika ni dalili za maji magumu, yaani yenye chumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu. Kabla ya kununua chombo cha kuyalainisha, yapasa kupima. Tia sabuni kiasi kilekile katika chupa mbili, moja ya maji ya bomba, moja ya maji ya mvua, uzitikise. Povu likilingana, weka fedha yako.

Chombo hufungwa penye bomba kuu, kabla halijagawanyika. Hapa Kigali anzia kwenye mita. Bomba lililo nyuma ya mita ni la WASAC, usiliguse. Fuata lile liendalo nyumbani. Funga koki yake, kisha fungua bilula zote. Maji yakiendelea kutoka, usidhani umekosea koki: nyumba nyingi za mji huu zina tangi, kwa kuwa maji ya mji hukatika. Funga na koki ya tangi. Yakikoma, umezijua njia zote mbili, na pale zinapokutana, kabla ya tawi la kwanza, ndipo mahali pa chombo.

Ndani yake mna punje ndogo zinazonasa kalsiamu na kutoa sodiamu; huoshwa kwa maji ya chumvi ya kawaida. Kwa hiyo bilula ya bustani itolewe kabla ya chombo, maana sodiamu huharibu udongo. Na aliyekatazwa chumvi na daktari aachiwe bilula moja ya maji yasiyolainishwa.