Mbegu iko na baba na mama: kaladiumu katika parseli, ngazi katika shamba



Katika parseli nyingi tunaona mmea wa mapambo wenye majani ya umbo la moyo: mengine mekundu katikati, mengine meupe yenye mishipa ya kijani, mengine yenye madoa. Jina lake ni kaladiumu. Kwao ni Amerika ya Kusini, lakini joto na mvua za Kisangani zinaufaa sana. Watu wanaupanda kwa kugawanya kiazi chake, kama tunavyopanda muhogo kwa fimbo. Kiazi kinatoa mmea ule ule, rangi ile ile. Anayetaka kaladiumu mpya, ambayo jirani hana, lazima apitie mbegu.

Na hapo ndipo somo letu: ukipanda mbegu usiangalie mama peke yake, uliza na baba ni nani. Kwa ua la mapambo, kusahau neno hili si hasara kubwa. Kwa shamba la ngazi, ni hasara ya miaka.

1. Ua liko namna gani?

Nje kuna jani moja lililojikunja kama karatasi ya kuuzia karanga. Ndani yake kuna kijiti. Chini ya kijiti ni maua madogo ya kike. Juu ni maua ya kiume yenye unga, ndio poleni. Katikati ni maua tasa. Ya kike yanakuwa tayari kwanza, jani la nje likianza kufunguka. Poleni inatoka nyuma, karibu siku inayofuata. Kwa hiyo ni vigumu ua moja lijizalishe lenyewe. Kwao Amerika, mbawakawa wanabeba poleni kutoka ua hata ua. Hapa sisi tutafanya kazi ya mbawakawa.

2. Kazi yenyewe

a) Chagua mimea miwili. Ua la baba litangulie kufunguka kwa siku moja.
b) Siku ua la mama linapoanza kufunguka, kata kwa wembe sehemu ya chini ya jani la nje, hata maua ya kike yaonekane. Kata na ncha ya kijiti yenye maua ya kiume.
c) Chukua poleni ya baba kwa burashi ndogo, paka polepole juu ya maua yote ya kike.
d) Funika kwa mfuko wa karatasi. Funga uzi na kikaratasi: jina la mama kwanza, halafu la baba, na tarehe. Bila kikaratasi, kazi yote ni bure, sababu hutajua umezalisha nini.
e) Baada ya wiki 5 au 6 matunda madogo yanalainika. Toa mbegu, osha nyama yake.
f) Mwaga mbegu juu ya udongo laini wenye maji, usizifukie, sababu zinataka mwanga. Funika kopo kwa plastiki, weka fasi ya kivuli chepesi. Kwa wiki 2 au 3 zinaota.

Angalisho: utomvu wa mmea huu unawasha sana. Usiutie mdomoni, nawa mikono, na watoto wadogo wasiuchezee.

3. Watoto watakuwa na rangi gani?

Majani ya kwanza ni kijani tu. Usikate tamaa, usitupe miche. Rangi inakuja pamoja na majani ya nyuma. Tuangalie mshipa mkubwa wa jani. Mwekundu unashinda mweupe, na mweupe unashinda wa kijani. Kila mmea unabeba urithi mara mbili, moja wa baba, moja wa mama. Hivi mmea wenye mshipa mwekundu unaweza kuficha kijani ndani yake. Tukiunganisha miwili ya namna hiyo, kati ya watoto wanne, watatu hivi watakuwa wekundu na mmoja wa kijani. Wazazi wote wawili ni wekundu, lakini mtoto ametoka kijani! Macho yetu hayakuona yaliyofichwa.

4. Yangambi walitufundisha nini?

Tukishuka mto kilometa karibu 100 tunafika Yangambi, fasi ya utafiti wa kilimo ya INEAC (iliyoundwa mwaka 1933), ambayo leo ni INERA. Kuna ngazi za namna tatu. Dura iko na ganda nene ndani ya tunda. Tenera iko na ganda jembamba na nyama mingi, ndiyo sababu inatoa mafuta mingi. Pisifera haina ganda, lakini kwa kawaida vishada vyake vinaharibika bila kukomaa.

Watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walizalisha ngazi kwa poleni iliyochaguliwa, wakahesabu watoto. Mwaka 1941 walitangaza matokeo. Tenera kwa tenera inatoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Lakini dura kwa pisifera inatoa tenera tupu! Toka hapo mashamba makubwa, hata ya Malaysia na Indonesia, yanapandwa mbegu za dura na pisifera, zilizozalishwa kwa mkono wa mtu: ua la kike linafunikwa kwa mfuko mbele halijafunguka, halafu linatiwa poleni.

Sasa fikiri juu ya mzee anayeokota mbegu chini ya tenera nzuri. Mama anamjua, baba aliletwa na wadudu. Kama baba naye ni tenera, katika miche 100, karibu 25 itakuwa pisifera. Kwa macho miche yote iko sawa. Atapalilia miaka 3 au 4 mbele ya kuona tunda, na hapo ndipo atajua. Juu ya hiyo, ni heri anunue miche kwa anayeweza kumwambia baba na mama.

Maswali ya kufanya nyumbani

1. Mama ni tenera, baba ni dura. Watoto watakuwa namna gani, na kwa kiasi gani?
2. Kwa nini kiazi cha kaladiumu hakituletei rangi mpya?
3. Nyumbani kwenu, mbegu gani mnaokota bila kujua baba? Uliza wazazi, andika katika daftari.