Kemo, uzazi na vidonge vya antioksidanti

Swali: Daktari, dawa ya saratani inafikaje mpaka kwenye uzazi?

Jibu: Kemo huwinda seli zinazogawanyika haraka, na korodani hutengeneza mbegu mfululizo, kwa hiyo hupigwa mapema. Ovari zina shida yake: mwanamke huzaliwa na akiba yake ya mayai, na yanayokufa hayafidiwi. Cyclophosphamide, inayotumika sana kwa saratani ya matiti na limfoma, ni miongoni mwa dawa kali zaidi kwa uzazi. Huharibu vinasaba, na ikivunjwa mwilini hutoa akrolini, sumu inayochochea radikali huru.

Swali: Basi si nimeze antioksidanti kama vitamini C na E kuzizuia radikali hizo?

Jibu: Kwa panya, ndiyo, inaelekea kusaidia. Waliopewa vitamini E au melatonini pamoja na kemo mara nyingi wamebaki na mayai au mbegu nyingi kuliko wenzao. Ila wengi wa panya hao hawakuwa na saratani! Je, kidonge kinacholinda ovari hakitaulinda uvimbe pia? Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,134 wa saratani ya matiti: waliotumia antioksidanti kabla na wakati wa kemo walielekea kurudiwa zaidi na ugonjwa. Tofauti haikutosha kufunga mjadala. Mimi imenitosha kusema hapana.

Swali: Kinga ya kweli ni ipi?

Jibu: Ile inayofanyika kabla ya dripu ya kwanza. Mwanamume hutoa mbegu kwenye kikopo, zikagandishwa. Mwanamke huchomwa homoni kwa takriban wiki mbili ndipo mayai yavunwe, na gharama yake, tusifichane, ni kubwa. Ipo pia goserelin, sindano ya tumboni kila wiki 4. Katika utafiti wa POEMS wa 2015, kwa saratani ya matiti isiyotegemea homoni, ovari zilishindwa kwa 8% ya waliochomwa, dhidi ya 22% ya wasiochomwa. Uliza siku ile ile majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) yanapotoka.

Swali: Na mlonge, je, niutumie wakati wa kemo?

Jibu: Mboga yake kula. Unga na vidonge, tia vyote mfukoni uje navyo kliniki tuvione kwanza.

Swali: Hedhi ikikata wakati wa kemo, niache uzazi wa mpango?

Jibu: Usiache. Yai laweza kupevuka bila hedhi kuonekana, na mimba ikiingia katikati ya dozi, dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto.