Chambua umbo na sauti za shairi la kipupwe

Umepewa shairi la kipupwe na muda ni mfupi? Usikimbilie maana. Anza na sikio. Tutumie mishororo miwili niliyoitunga kwa zoezi. Picha ni hii: Mbulu baridi imekaza, Mlima Hanang umezama kwenye ukungu, na ngano ya Basotu inakauka.

*Kipupwe kimeingia, mlima wajifunika,*
*Ngano inatupungia, suke kwa suke lacheka.*

Soma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili, weka alama kila unapovuta pumzi. Katika mishororo hii, ni kwenye mkato. Kabla yake ni ukwapi, baada yake ni utao.

Hesabu mizani kwa vidole. Silabi moja, kidole kimoja. Chunga "mlima": m inasimama peke yake, kwa hiyo silabi ni tatu. "Pwe" na "kwa" ni moja moja. Utapata 8 kwa 8, jumla 16.

Pigia mstari vina. Kati ni "a", mwisho ni "ka". Kagua kama vinashika ubeti mzima, kisha shairi zima.

Hesabu mishororo ya ubeti. Ikiwa minne, ni tarbia. Wa mwisho ukirudi katika kila ubeti, ni kibwagizo. Jiulize kwa nini mshairi anataka maneno hayo yarudi. Kama umewahi kusikia slufay ya Wairaqw, mmoja akinena na wengine wakiitikia, nguvu ya kuitikia unaijua tayari.

Winda sauti zinazojirudia. Rudi kwenye "suke kwa suke lacheka". S na k zinakwaruzana kama masuke makavu yakipigwa na upepo.

Taja kazi ya kila kipengele. "Kila mshororo una mizani 16" ni hesabu, bado si uchambuzi. Andika hivi: "Marudio ya s na k yanatufanya tusikie shamba lililo tayari kuvunwa."

Huoni vina? Tulia. Huenda ni shairi huru, kama yale ya Kezilahabi katika *Kichomi* (1974). Angalia mstari unakatwa wapi, na neno gani limeachwa peke yake. Hapo ndipo mshairi anataka usimame.

Sasa shika kalamu. Ongeza mishororo miwili ukamilishe ubeti huu, kwa vina na mizani ile ile. Ukishahangaika kutafuta neno linaloishia na "ka", utajua mshairi alichagua nini na aliacha nini. Hapo uchambuzi wako utakuwa na meno.