Majina ya Hospitali: Tujifunze Mwili Mfumo kwa Mfumo

Somo la leo linawahusu wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na kila mtu ambaye amewahi kumpeleka mgonjwa hospitalini akarudi nyumbani na karatasi asiyoielewa.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe. Tulikuwa kwenye mazishi, na mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hutumia sindano ya insulini, alikuwa amejidunga asubuhi kama kawaida. Ibada ikawa ndefu na chakula kikachelewa. Ilipofika saa nane mchana mzee akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Kijana mmoja akakimbia kuleta soda. Akina mama wakamzuia: "Wewe! Unataka kumuua babu? Si unajua ana sukari?" Soda ikarudishwa.

Bahati nzuri kati ya waombolezaji alikuwapo muuguzi mstaafu. Aliwasogeza watu kando, akahakikisha mzee bado anaweza kumeza, kisha akampa ile soda anywe polepole. Baada ya robo saa hivi mzee alikuwa ameketi, anauliza kofia yake iko wapi. Baadaye mjukuu wake akatuonyesha kitabu cha kiliniki alichokuwa nacho mfukoni. Daktari alikuwa ameandika kwamba mzee huyu mara nyingine hupata haipoglaisemia, na watu wa nyumbani wajihadhari. Onyo lilikuwa pale pale mfukoni, lakini kati yetu hakuna aliyejua neno hilo lina maana gani.

Hatuwalaumu akina mama wale. Walifundishwa kwamba mtu wa sukari ajiepushe na vitu vitamu, na walishika walichofundishwa. Shida ni kwamba neno "sukari" peke yake halisemi kama imepanda au imeshuka. Neno la hospitali linasema, ukijua kulifungua. Hebu basi tujifunze kulifungua.

NENO REFU LINA VIPANDE

Maneno mengi ya hospitali yametoka katika Kigiriki na Kilatini cha zamani. Yanatisha kwa urefu, lakini yameunganishwa vipande vipande, kama vile Kiswahili chetu kinavyounganisha. Tukisema "hatukumwona", kila kipande kina kazi yake: nani, lini, nani ameonwa, na kwamba jambo halikutendeka. Maneno ya madaktari ni hivyo hivyo. Kipande kimoja hutaja mahali katika mwili, kingine hutaja kilichotokea, na kingine hutaja kama kitu kimezidi au kimepungua.

Vipande vya mwisho vinavyofaa kushikwa kwanza ni hivi:

- aitisi: sehemu hiyo imevimba na kuwaka kwa ndani.
- ektomi: sehemu hiyo imekatwa na kuondolewa.
- skopi: kuchungulia ndani kwa chombo.
- emia: jambo liko katika damu.
- uria: jambo liko katika mkojo.

Na vya mwanzo:

- haipo: chini ya kiasi.
- haipa: juu ya kiasi.
- an: bila, au pungufu.

Hapo kwenye "haipo" sisi tuna bahati. Kigiriki na Kiswahili havina undugu, lakini sauti imefanana. Ukisikia haipo, kumbuka: haipo ya kutosha. Na haipa? Hiyo imepita kiasi. Tofauti ni herufi moja tu, na matibabu yake yanaenda kinyume kabisa.

Sasa tupite mwilini. Ukikariri maneno mia moja kwa orodha ndefu utayasahau kabla ya Jumapili. Ukiyapanga kwa mifumo ya mwili, kila neno linapata nyumba yake.

1. MFUMO WA CHAKULA

Chakula huanzia mdomoni, hupita kwenye umio, huingia katika tumbo la chakula, halafu utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, na mwisho utumbo mpana. Kando yake kuna ini, kifuko cha nyongo na kongosho.

Vipande: gastro ni tumbo la chakula, entero ni utumbo, hepato ni ini. Kwa hiyo gastraitisi ni kuvimba kwa ukuta wa ndani wa tumbo la chakula, na hepataitisi ni kuvimba kwa ini.

Mtego wa nyumbani ni neno "tumbo". Mama akisema tumbo linamuuma, inaweza kuwa tumbo la chakula, utumbo, kibofu au mji wa mimba. Mwambie aonyeshe kwa kidole. Mtego mwingine ni "manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa unaoletwa na mbu, nao una chanjo. Lakini macho kugeuka manjano ni dalili tu, na inaweza kutokana na magonjwa mengi ya ini, nyongo au damu.

2. MFUMO WA MOYO NA DAMU

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Vipande: kadio ni moyo, hemo ni damu. Anemia ni an na emia, yaani upungufu wa damu.

Mtego hapa ni "presha". Mtu anasema "ana presha" bila kueleza kama iko juu au chini, na wengine husema "nilipata presha" wakimaanisha walishtuka tu. Haipatensheni ni presha kuwa juu. Kwa mtu mzima, vipimo vinavyorudia kufika 140 kwa 90 au kupita hapo hospitalini huhesabiwa kuwa juu. Haipotensheni ni presha kuwa chini. Usipeleke habari ya "presha" kwa muuguzi bila kusema ni ipi, na nambari kama unazo.

3. MFUMO WA PUMZI

Hewa hupita puani, kooni na katika bomba la pumzi mpaka mapafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, maana moyo umechukua nafasi upande huo. Vipande: nyumo na pulmo vyote ni pafu, na bronko ni matawi ya bomba la pumzi. Bronkaitisi sasa unaweza kuifungua mwenyewe.

Mtego ni neno "kifua". Ati mtoto "ana kifua". Je, ni mafua, pumu, nimonia au TB? Kwa mtoto anayekohoa, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya nimonia. Mpeleke zahanati bila kungoja.

4. MFUMO WA MKOJO

Figo mbili huchuja damu, na mkojo hushuka kwa mirija hadi kibofuni. Vipande: nefro na reno vyote ni figo, kimoja cha Kigiriki na kingine cha Kilatini, sisto ni kibofu. Sistaitisi ni kuvimba kwa kibofu. Hematuria ni damu katika mkojo. Huku Kenya, hasa Pwani, kichocho cha mkojo huleta jambo hilo, na watoto wengine hulizoea wakadhani ni kawaida. Si kawaida.

5. MFUMO WA UZAZI

Kipande kikubwa ni histero, yaani mji wa mimba. Histerektomi ni kuondolewa kwa mji wa mimba. Mwanamke anayepewa fomu ya kukubali upasuaji ana haki ya kulijua neno hilo kabla ya kuweka sahihi, maana baada ya hapo hatabeba mimba tena. Pengine ni upasuaji wa kuokoa maisha yake, lakini aambiwe kwa lugha anayoielewa.

Mtego mbaya ni "kifafa cha mimba". Watu wakisikia kifafa hufikiri ni kile cha siku zote, au mapepo. Hapana. Hospitali huita eklampsia, na chanzo chake kimeshikamana na presha kupanda wakati wa mimba. Mama mjamzito akiumwa sana na kichwa, akiona ukungu machoni, uso na mikono ikivimba, au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, aende hospitalini siku ile ile. Usingoje mpaka aanguke.

6. MFUMO WA FAHAMU

Hapa kuna ubongo, uti wa mgongo na neva. Kipande ni nyuro. Meninjaitisi ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Mtego ni "mshipa". Kwa Kiswahili mshipa unaweza kuwa wa damu au wa fahamu, na wengine huita ngiri mshipa pia. Mzee akikwambia "mshipa umenishika", muulize ni wapi hasa, na anahisi nini: maumivu, ganzi au uvimbe.

7. MFUMO WA TEZI

Tumeuacha mwisho ili tumrudie mzee wetu. Tezi hutengeneza homoni na kuziachia katika damu. Kongosho hutengeneza homoni ya insulini, inayosaidia sukari kutoka katika damu na kuingia mwilini kufanya kazi. Insulini hutoka kwenye vikundi vidogo vya seli ambavyo daktari Paul Langerhans wa Ujerumani alivieleza mwaka 1869. Vimekaa kama visiwa ndani ya kongosho, na ndiyo sababu ya jina, maana insula kwa Kilatini ni kisiwa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini kule Toronto, Kanada, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa.

Sasa fungua neno la mzee: haipo, glais, emia. Glais ni sukari, na emia ni ile yetu ya damu. Sukari katika damu haipo ya kutosha. Alijidunga insulini, hakula, sukari ikashuka.

Haipoglaisemia huja upesi: kutetemeka, jasho, njaa kali, kuchanganyikiwa. Kwa kipimo ni chini ya 3.9. Kama mtu yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, au soda ya kawaida yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni: mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini. Haipaglaisemia kwa kawaida huja polepole: kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, uchovu. Huyo naye anahitaji hospitali. Ukiwa na mgonjwa wa sukari anayetetemeka na huna kipimo, mhesabu kuwa imeshuka, maana iliyoshuka inaweza kuua kwa muda mfupi.

NAMNA YA KUJIFUNZA KIKUNDI

Chukueni gunia au karatasi kubwa, mmoja wenu alale juu yake, mwingine achore umbo lake kwa makaa. Kila wiki jazeni mfumo mmoja: jina la Kiswahili, jina la lugha yenu ya nyumbani, na kipande cha hospitali. Kila mmoja alete neno moja kutoka kadi au kitabu chake cha kiliniki, kama mwenyewe amekubali lisomwe. Siri za wagonjwa zisigeuzwe mazungumzo ya kisimani.

Onyo moja. Kujua maneno hakukufanyi daktari. Usimwambie jirani ana nefraitisi kwa sababu kiuno kinamuuma. Unapoandika barua ya kumpeleka mgonjwa, andika maneno yake mwenyewe: wapi, tangu lini, kiasi gani. Na anaporudi na karatasi, msaidie kumuuliza muuguzi: "Neno hili lina maana gani kwangu, nami nifanye nini nyumbani?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Fungueni maneno haya: nefraitisi, gastroskopi, gastroenteraitisi.
2. Mama ameambiwa ana haipotensheni. Presha yake iko juu au chini?
3. Katika lugha yenu ya nyumbani, ni neno gani la ugonjwa lenye maana mbili? Limewahi kumchelewesha mgonjwa?
4. Someni 1 Wakorintho sura ya 12, Paulo anapolinganisha Kanisa na mwili wenye viungo vingi. Katika jumuiya yenu, ni nani anayetumia dawa ambayo majirani wanapaswa kuifahamu?

Majibu ya mbili za kwanza: kuvimba kwa figo, kuchungulia tumbo la chakula, kuvimba kwa tumbo la chakula na utumbo, presha iko chini.

Mzee wetu bado anakuja ibadani. Siku hizi mjukuu hubeba kitabu, na pamoja nacho pakiti ndogo ya sukari. Nao akina mama wale wale, wakimwona babu anatoa jasho, ndio wa kwanza kuuliza: "Babu, ipo au haipo?"